Si Kila Mpira ni Mpira

Wanangu mnaoanza kazi wodi ya upasuaji, madaktari kwa wauguzi, nisikilizeni. Mimi nimekwisha kuweka kisu chini. Macho hayaoni tena tundu la sindano, na kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili. Lakini kuna jambo ambalo nisipowaambia nitaondoka na deni, na deni lenyewe ni la mpira.

Neno langu ni hili: usiutoe mpira wa nyongo tumboni mwa mgonjwa kabla hujajua umetengenezwa kwa kitu gani.

Najua mtacheka. "Mzee, mpira si mpira tu?" Hapo ndipo kosa linapozaliwa, nalo huzaliwa mdomoni. Lugha yetu imelitwisha neno hili mzigo mkubwa. Mpira ni mti, mpira ni utomvu wake, mpira ni ule unaowagombanisha watu wa Simba na Yanga, mpira ni bomba la kumwagilia bustani, na mpira ni huo anaowekewa mgonjwa ili apate haja ndogo. Ndugu wa mgonjwa akikuuliza, "Dokta, mpira mtamtoa lini?" mnaelewana bila maelezo. Kumbe mrija mnaouzungumzia unaweza kuwa wa utomvu wa mti, ambao wenye viwanda wanauita lateksi. Unaweza kuwa wa silikoni. Unaweza kuwa wa plastiki ya PVC, au wa poliurethini. Kwa ndugu wa mgonjwa yote ni mipira. Kwa mwili wa mgonjwa hao ni wageni wanne wenye tabia nne, na kila mmoja mwili humpokea kivyake.

Mimi nimekulia Muheza. Wajerumani walipanda miti ya mpira kwa wingi huko Tanga mwanzoni mwa karne ya 20, ile jamii ya muhogo. Bei ilipoanguka mwaka 1913 mashamba mengi yakaachwa, na miti ikabaki mali ya vichaka na watoto. Mama zetu walichuma majani yake wakapika kisamvu cha mpira. Sisi wavulana tulikata magome kwa visu, utomvu mweupe ukachuruzika, tukauviringa kuwa vijipira vya kuchezea. Ukirudi kesho yake unakuta pale ulipokata pamezibwa na utando mgumu. Mti ulikuwa umejifunga kidonda wenyewe. Baadaye nilijifunza kwamba lateksi ya hospitali hutoka kwenye mti mwingine, mhevea, ambao asili yake ni bonde la Amazon na ambao baadaye ulipandwa hata Kihuhwi, hapohapo Muheza. Lakini lile gome lililojiziba sikulisahau, na mtaona kwa nini.

Sasa twende kwenye nyongo yenyewe. Ini la mtu mzima hutengeneza nusu lita mpaka lita nzima ya nyongo kwa siku. Nyongo hiyo hushuka kwa mrija mmoja mkuu mpaka utumbo mwembamba, ambako husaidia kusaga mafuta. Mawe yakikwama katika mrija huo, macho huwa ya njano, mkojo huwa kama chai ya rangi, na mgonjwa hujikuna usiku kucha. Daktari wa upasuaji hufungua mrija, huondoa mawe, kisha hubaki na swali: nitaufungaje mrija ambao mwisho wake wa chini umevimba kwa kuchokonolewa? Akiushona kabisa, nyongo ikakosa pa kupita, itatafuta njia kwenye mshono.

Mjerumani mmoja, Hans Kehr, aliyekuwa akipasua wagonjwa katika mji wa Halberstadt na baadaye Berlin, alilijibu swali hilo kwa mrija wenye umbo la herufi T. Aliutangaza kwa wenzake mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo mtaona jina lake kwenye pakiti. Mikono miwili mifupi ya T hulala ndani ya mrija wa nyongo, na mguu mrefu hutokea nje kupitia ukuta wa tumbo, mpaka kwenye mfuko uliotundikwa kando ya kitanda. Nyongo ikizuiwa chini, itatokea nje. Na uvimbe ukiisha, unapitisha dawa ya rangi katika mpira huo, unapiga picha ya eksirei, unaona kama kuna jiwe lililosalia.

Kuuweka mpira huo ni kazi ya mikono. Kuutoa ni kazi ya akili, kwa sababu siku unapouvuta, unaacha tundu katika mrija wa nyongo na safari ya sentimita kadhaa kutoka hapo mpaka kwenye ngozi. Nyongo itakayopenya tunduni itapita wapi?

Nitawajibu kwa masikio ya mabinti. Waulizeni bibi zenu habari za kutoga. Bibi alipitisha sindano yenye uzi, akaufunga uzi kitanzi, akaupaka mafuta ya nazi, na kila asubuhi akauzungusha kidogo. Binti aliyeuchomoa uzi siku ya tatu alirudi kutogwa upya, kwa sababu tundu lilikuwa halijaiva. Bibi hakusomea tishu darasani, lakini alijua kwamba tundu la sindano ni jeraha, na jeraha huchukua muda kuwa njia.

Tumboni ni vivyo hivyo, ila hasara yake si ya kutogwa upya. Mpira wa nyongo unapokaa, mwili hujenga ukuta kuuzunguka, kuanzia kwenye mrija wa nyongo mpaka kwenye ngozi. Ukuta ukiiva, mpira ukatolewa, kinabaki kitu kama mfereji. Nyongo kidogo itachuruzika kupitia mfereji huo kwa siku moja au mbili, italowesha gozi, kisha mfereji utajifunga kama lile gome la Muheza, na mgonjwa ataenda kwao. Ukuta usipoiva, nyongo haina mfereji. Itamwagika ndani ya tumbo, na nyongo tumboni ni moto. Chumvi zake hufanya kazi kama sabuni. Zimeumbwa kuyeyusha mafuta ndani ya utumbo, na zikigusa utando unaofunika tumbo kwa ndani zinauchoma.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Huo mfereji nao umeundwa, na fundi wake ana ratiba yake. Dakika chache baada ya mpira kuingia, protini za damu huung'ang'ania. Katika saa na siku za kwanza, chembe nyeupe hukusanyika kama watu waliosikia mwizi. Zinafuata seli walaji, makrofaji, zinazojaribu kuumeza mpira. Haziwezi, maana mpira ni mkubwa mno. Nyingine huungana zikawa majitu ya seli, na zote hupiga mbiu ya kuwaita mafundi, yaani fibroblasti, ambao kazi yao ni kufuma nyuzi za kolajeni. Mishipa midogo ya damu huchipua. Lile shuka la mafuta linalofunika matumbo nalo husogea likajibandika. Kufikia wiki ya pili, kwa mtu mwenye afya na mpira wa lateksi, pana ukuta unaoweza kuaminiwa.

Angalieni hapo: mwili haujengi mfereji ili kumsaidia daktari. Unajenga ngome dhidi ya mgeni. Mgeni mkorofi hujengewa ngome nene, na mgeni mpole huachwa akae bila hata ua.

Lateksi ni mgeni mkorofi. Utomvu wenyewe una protini zake, na kiwandani huongezewa salfa na kemikali nyingine ili uvutike bila kukatika. Vyote hivyo huuchokoza mwili. Mpira mwekundu wa zamani, ule tuliouchemsha na kuutumia tena, ulikuwa mkorofi zaidi. Majaribio yaliyofanywa kwa wanyama tangu miaka ya 1970 yamerudia kusema jambo lilelile: mpira wa asili huzungukwa na ukuta mnene, silikoni huzungukwa na ukuta mwembamba unaochelewa, na PVC hukaa katikati.

Silikoni ni mgeni mpole. Hutokana na silika, madini yaleyale yaliyo katika mchanga. Ni laini, haiozi, haimchokozi mtu. Kwa sababu ya upole huo ilipata heshima kubwa tangu miaka ya 1950, ilipoanza kutumika katika mirija ya kupunguza maji kichwani mwa watoto. Ukitaka kitu kikae mwilini miaka mingi bila ugomvi, mchukue mpole huyu. Lakini ukitaka mwili ukujengee ukuta kwa haraka, upole wake ndio ubaya wake.

PVC nayo ina kasoro yake. Ulaini wake si wa kuzaliwa nao. Hutokana na kemikali za kulainisha zilizochanganywa ndani. Ikikaa kwenye nyongo, vilainishi hivyo hutoka kidogo kidogo, na mrija ulioingia laini hukakamaa. Mrija mkakamavu ndani ya mrija wa nyongo unakwaruza na kuchimba. Huo si wa kuachwa wiki nyingi.

Mficha uchi hazai, nami sitaficha. Yote haya niliyasoma baada ya kukosea.

Ilikuwa katika hospitali ambayo sitaitaja, miaka mingi iliyopita. Stoo iliishiwa mipira ya lateksi. Likaja sanduku la msaada lenye mipira mizuri ajabu, inayong'aa, laini kama sikio la paka. Tulifurahi. Nilimpasua mama mmoja wa makamo, muuza dagaa, nikatoa mawe matatu, nikaweka T, nikafunga. Siku ya kumi tukapitisha dawa ya rangi: mrija safi, dawa inateremka mpaka utumboni bila kizuizi, hakuna jiwe. Siku ya kumi na moja asubuhi, kwenye raundi, nikauvuta mpira kama nilivyozoea kuvuta mingine yote. Ulitoka kwa wepesi ambao sikuwahi kuuona. Niliwaambia vijana waliokuwa nami, "Mnaona kitu kizuri?"

Adhuhuri yule mama akalalamika bega la kulia linamuuma. Sista akanipigia simu. Nikasema apewe dawa ya maumivu, labda amelalia vibaya. Hilo lilikuwa kosa la pili. Nyongo ikitambaa chini ya kiwambo cha kupumulia, maumivu husikika begani. Alasiri tumbo likawa gumu kama ubao, mapigo ya moyo yanakimbia, jasho linamtiririka. Usiku tukarudi naye chumba cha upasuaji. Tulikuta tumbo limejaa nyongo. Nikatafuta ule ukuta ambao miaka yote nilikuwa nauegemea bila kuuona. Palikuwa na utando mwembamba kama ule ulio ndani ya ganda la yai, nao umechanika.

Tulimwosha, tukaweka mirija mipya, na Mungu akamnusuru. Alikaa wodini wiki nyingi ambazo hakupaswa kukaa, na biashara yake ikafa. Alipopona aliniletea furushi la dagaa, akanishukuru kwa kumwokoa. Niliwala kwa aibu, maana aliyemwokoa na aliyemtia hatarini alikuwa mtu mmoja.

Sanduku lile lilikuwa limeandikwa silikoni, kwa herufi kubwa. Sikusoma. Nilihesabu siku za kalenda, nikasahau kuhesabu siku za mpira.

Basi shikeni haya. Mpira wa T wa lateksi, kwa mgonjwa mwenye afya ya kawaida, usitolewe kabla ya siku ya kumi, na wengi wetu husubiri mpaka wiki mbili zitimie. Wa silikoni, hesabu wiki tatu na zaidi, hata sita, na usiuguse bila mkubwa wako kukubali. Upo na wa tatu unaodanganya: lateksi iliyopakwa silikoni. Kwenye pakiti utaona majina yote mawili. Kinachogusana na mwili ni ile ngozi ya juu, hivyo usiuhesabie siku za lateksi. Ukiwa na shaka, ongeza siku. Hakuna mgonjwa niliyemwona akifa kwa kukaa na mfuko wa nyongo wiki moja zaidi.

Tena usiridhike na picha nzuri ya eksirei. Picha ya dawa ya rangi inakuonyesha kwamba mrija wa nyongo uko wazi. Haikuambii kwamba ukuta umeiva. Hayo ni maswali mawili, na mimi nilijibu moja nikadhani nimejibu yote.

Jambo la pili: mwangalie mwenye mwili. Hata mpira mkorofi hauwezi kujengewa ukuta na mwili usio na matofali. Mgonjwa wa kisukari ambacho hakijatulia, aliyekonda kwa njaa au saratani, anayetumia dawa za steroidi kwa pumu au baridi yabisi, aliyepandikizwa ini na kupewa dawa za kupunguza kinga: hao wote hujenga polepole. Waliopandikizwa ini huachiwa mpira hata miezi mitatu. Ukimwona mgonjwa wa namna hiyo, usiulize tu mpira una siku ngapi. Uliza amekula nini. Kolajeni haifumwi bila protini na vitamini C; mayai, maharage, samaki, machungwa na mapera ni sehemu ya matibabu, na ndugu zake waambiwe hivyo waziwazi. Nyongo inapotoka yote nje, mwili hupoteza maji na chumvi, na vitamini K hainyonywi sawasawa, hivyo damu huchelewa kuganda. Pimeni kinachotoka kila siku, kiandikwe, kirudishwe kinachopungua.

La tatu ni la wauguzi zaidi, na msidhani ni dogo. Ukuta unaojengwa hautaki kutikiswa. Fundi gani atajenga huku mtu anayumbisha nguzo? Mpira ushonwe kwenye ngozi, kisha ubandikwe plasta mara ya pili chini kidogo, ili mgonjwa akijigeuza kinachovutwa kiwe plasta na si mrija wa nyongo. Mfuko ukae chini ya usawa wa tumbo lakini usining'inie ukijaa. Mfundisheni mgonjwa kuushika anaposimama. Tazameni rangi: nyongo ya kawaida ni ya dhahabu au kijani. Ikigeuka nyekundu, ikawa na usaha, au ikikatika ghafla huku mgonjwa ana homa na tumbo linamuuma, msingoje raundi ya kesho. Ngozi inayozunguka tundu ikaushwe, maana nyongo inayovuja huibabua.

Kabla ya kuutoa, mpira hufungwa kwanza kwa muda huku mgonjwa akiangaliwa. Akipata maumivu, homa au macho yakirudia unjano, ufungueni mara moja. Na siku ya kuuvuta, vuta taratibu, kwa mkono mmoja uliotulia. Ukigoma, acha. Usishindane nguvu na mpira uliong'ang'ania; mwite mkubwa wako. Ukishautoa, andika saa uliyoutoa, na mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani papo hapo. Saa chache za kwanza ndizo zinazosema kweli. Akisema tumbo au bega linamuuma, mwamini. Nyongo iliyogundulika mapema inaweza kupewa njia kwa mrija mwingine unaopitishwa katika tundu lilelile, au kwa mrija mdogo unaowekwa kwa kamera kupitia mdomoni, kabla haijalazimu kumpasua tena.

La nne, ukorofi wa lateksi si baraka kila mahali. Dawa ya jicho haitiwi sikioni. Uchokozi uleule unaotujengea mfereji tumboni uliwahi kuleta balaa kwenye njia ya mkojo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Ulaya, wanaume waliopasuliwa moyo na kuwekewa mipira ya mkojo ya lateksi walianza kurudi hospitalini njia zao zikiwa zimebanwa na makovu. Kemikali za mpira zilikuwa zimeunguza utando laini wa ndani. Kwa njia ya mkojo, yule mgeni mpole wa silikoni ndiye anayefaa kukaa muda mrefu. Kwa hiyo msitoke hapa mkisema Mzee amesifu lateksi na kulaani silikoni. Nasema kila kazi ina mgeni wake.

Pia kuna watu ambao lateksi ni sumu kwao. Mtu kama huyo ana mzio wa protini za ule utomvu. Akivaa glavu anavimba, akipuliza puto midomo inawasha. Wengine hata ndizi, parachichi na papai huwawasha koo, kwa sababu protini za matunda hayo zinafanana na za mpira. Watoto waliozaliwa na mgongo wazi, waliopitia upasuaji mara nyingi, wako hatarini zaidi. Uliza kabla ya kupasua. Kama jibu ni ndiyo, mgonjwa huyo atapewa silikoni, na wewe utakubali kusubiri.

Mtasema zama za T zinapita. Kweli, palipo na kamera ya kuingilia mdomoni mawe mengi hutolewa bila kisu, na siku hizi wapo wataalamu wa radiolojia wanaopitisha mrija ubavuni, kupenya ini mpaka kwenye njia ya nyongo, wakiongozwa na picha. Katika hospitali ya Muhimbili, mafunzo ya tiba hiyo yalianza mwaka 2018 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani. Mirija yao mingi ni ya poliurethini, ncha yake imejikunja kama mkia wa nguruwe ili isichomoke. Sheria ni ileile kwa sura nyingine. Njia inayopita katika ini nayo inahitaji wiki kadhaa ili iive. Mrija ukichomoka katika wiki za mwanzo, usijaribu kuusukuma urudi, wala usimwambie mgonjwa aje Jumatatu; njia mbichi huziba ndani ya muda mfupi. Funika kwa gozi safi, piga simu sasa. Na mrija unaokaa muda mrefu hubadilishwa takribani kila miezi mitatu, kwa sababu bakteria hutandika utando ndani yake, na tope la nyongo huganda juu ya utando huo mpaka unaziba.

Ukuta ulioiva una faida ambayo wengi huisahau. Ukigundua jiwe limesalia baada ya upasuaji, ule mfereji unaweza kuwa barabara ya kulitolea. Joachim Burhenne, daktari wa radiolojia, alieleza mwaka 1973 jinsi ya kusubiri wiki tano hivi, kuondoa mpira wa T, kisha kupitisha chombo katika mfereji uleule na kulinasa jiwe kwa kikapu kidogo cha waya. Kufikia mwaka 1980 alikuwa ametoa taarifa ya wagonjwa 661. Ndiyo maana walimu wetu walituhimiza kuweka mpira mnene, ukubwa wa 14 au zaidi kwa kipimo cha Charrière, ambacho kila namba yake ni theluthi moja ya milimita, na kuupitisha kwa njia fupi iliyonyooka. Aliyeweka mpira mwembamba uliojipindapinda amemfungia mwenzake mlango wa kesho.

Nimefika mwisho, na nawaachia kazi moja. Anayeuweka mpira mara nyingi siye anayeutoa. Aliyeuweka amehamishwa, yuko likizo, au amelala baada ya zamu ya usiku. Anayeutoa ni kijana wa miaka 26 ambaye amekuta mrija unatoka ubavuni mwa mtu na hajui ni wa nini. Kwa hiyo, kila mnapoweka mpira, andikeni kwenye faili, kwa mwandiko unaosomeka, mambo matatu: umetengenezwa kwa kitu gani, ukubwa wake ni upi, umewekwa tarehe gani. Bandikeni na kile kipande cha pakiti chenye maelezo. Na mkikuta faili lisilo na maneno hayo, msiuvute mpira mpaka mmempata anayejua.

Ningekuwa nimeliandika neno "silikoni" kwenye faili la yule muuza dagaa, mkono wangu ungesita asubuhi ile. Ni neno moja. Liandikeni.